USINGIZI WA MTOTO, SEHEMU YA 4: Hajachoka, mama. Usimpe dawa

 

Wiki iliyopita tuliongelea mtoto aliyechoka kupita kiasi, yule anayefikicha macho, anajinyonga mikononi, analia na bado halali. Leo tunamwangalia mwenzake wa upande wa pili: mtoto asiyelala kwa sababu hajachoka. Posti ni ndefu, nimeigawa vipande. Isome taratibu hata ukiwa unanyonyesha.

Nimeichagua mada hii kwa sababu ya meseji za inboksi. Zinaanza tofauti lakini nyingi zinaishia pamoja: "Nesi, kuna dawa gani ya kumsaidia alale?" Naomba nijibu hapa hadharani ili kila mwenye swali hilo asome. Hakuna. Mtoto mwenye afya njema, hana homa, hana maumivu, saa 4 usiku anarukaruka juu ya godoro na kucheka, huyo hana ugonjwa wa kutibu. Kinachomkosesha usingizi usiku kimetokea mchana, na hapo mchana ndipo pa kurekebisha.

Najua wengine mtasema nesi anarahisisha mambo. Twende pamoja.

1. UTAMJUAJE KWAMBA HAJACHOKA?

Mtoto aliyechoka sana na mtoto ambaye hajachoka wote hawalali, kwa hiyo mama wengi huwachanganya. Mtazame anavyofanya.

Ambaye hajachoka, ukimlaza anakuwa na furaha zake. Anaongea, anaimba, anavuta nywele zako, anataka kushuka kitandani. Unambembeleza nusu saa, saa nzima, macho makavu. Akilia, analia kwa kuwa amezuiwa kucheza, na ukimweka chini kilio kinaisha hapohapo.

Mwingine analala vizuri tu saa 2 usiku, halafu saa 8 usiku anaamka kama mtu aliyesikia adhana. Halii, haumwi. Anakaa kitako gizani, anakuita, anataka stori. Anakaa hivyo saa moja, hata mbili, ndipo alale tena.

Mwingine saa 10 alfajiri siku yake imeshaanza, anachangamka kabisa, wewe ndiye unayetembea kama mgonjwa.

Na kuna yule wa mchana: unamlaza, analala dakika 20, anaamka anatabasamu. Akiamka analia na kung'ang'ania bega, huyo bado ana usingizi. Akiamka anatabasamu, huenda ulimlaza mapema.

Ishara hizi zikijirudia siku nyingi, siyo usiku mmoja tu wa joto au wa meno, basi soma kipande kinachofuata.

2. USINGIZI UNA HESABU

Usingizi ni kama njaa. Mtoto ukimpa chapati mbili na chai saa 11 jioni, ugali wa saa 1 hataugusa. Hutasema ana ugonjwa wa kukataa ugali, utasema ameshiba. Usingizi nao unajikusanya mwilini kadiri mtu anavyokaa macho. Akilala kidogo, kiasi fulani kinapungua. Akilala sana jioni, usiku unamkuta ameshiba.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo wa watoto walio chini ya miaka 5, na ndani yake kuna saa za kulala kwa siku nzima, yaani usiku na mchana kwa pamoja:

Miezi 0 hadi 3: saa 14 hadi 17
Miezi 4 hadi 11: saa 12 hadi 16
Mwaka 1 hadi 2: saa 11 hadi 14
Miaka 3 hadi 4: saa 10 hadi 13

Angalia jinsi nafasi ilivyo pana. Wa jirani anaweza kulala saa 14 na wako saa 11 na nusu, wote wana miaka miwili, wote wazima. Kwa hiyo acha kumlinganisha na mtoto wa shoga yako.

Sasa tupige hesabu. Chukua mtoto wa miezi 15 ambaye mwili wake unahitaji saa 13. Anaamka saa 1 asubuhi, mama ameshaondoka kazini. Dada anamlaza saa 4, anaamka saa 6. Hizo ni saa 2. Saa 9 alasiri analala tena. Huo ndio muda dada anafua, anachambua mchele, anaanza mboga, na ukweli ni kwamba mtoto akiwa amelala kazi zinakwenda. Anaachwa hadi saa 11 na nusu. Hizo ni saa 2 na nusu. Jumla ya mchana saa 4 na nusu.

Toa kwenye 13. Zinabaki saa 8 na nusu za usiku. Kama anaamka saa 1 asubuhi, mwili wake utakuwa tayari kulala saa 4 na nusu usiku. Mama anarudi, anamwogesha, anamlaza saa 2. Anapambana naye saa 2 na nusu, kila siku, halafu anaandika inboksi kwamba mtoto ni mkorofi.

Mtoto hana ukorofi hapo. Anadaiwa usingizi ambao ameshaulala jioni.

Nasisitiza hili kwa sababu majina tunayowapa watoto yanakaa. "Huyu ni mtundu." "Huyu ana jicho la mtu." "Huyu ana mchango." "Maziwa yako mepesi, mwanzishie uji." Hiyo ya mwisho inaniuma zaidi, maana mtoto wa miezi 4 anaanzishiwa uji kabla ya miezi 6 ili tu alale, na halali, kwa kuwa tatizo halikuwa njaa.

3. KUKAA MACHO PEKE YAKE HAITOSHI

Kuna mama ataniambia: "Wangu halali mchana kabisa, na usiku bado anasumbua." Nauliza: akiwa macho anafanya nini?

Watoto wetu wengi wa mjini wanashinda ndani. Chumba na sebule, geti limefungwa, nje bodaboda zinapita. Mchanga ni wa kupanga mwenye nyumba hataki uchimbwe. Kwa hiyo mtoto anakaa kwenye kochi na katuni kuanzia asubuhi, au anapewa simu. Macho yamechoka, akili imejaa picha, mwili haujafanya kitu.

Au ni mdogo, yuko mgongoni. Sipingi mbeleko, mimi mwenyewe nimebebwa hivyo na inamtuliza mtoto. Lakini mwongozo uleule wa 2019 unasema mtoto asifungwe sehemu moja, iwe kwenye kiti, kigari au mgongoni, zaidi ya saa moja mfululizo. Akiwa mgongoni muda mrefu mambo mawili yanatokea: hachezi, na anasinzia vipande vipande. Dakika 10 hapa, 15 kule, ukienda dukani, ukisonga ugali. Jioni unasema "leo hajalala kabisa" kumbe amekula vipande vya chapati siku nzima.

Mtoto ambaye bado hatambai anatakiwa alale kifudifudi akiwa macho na wewe ukimwangalia, jumla ya dakika 30 kwa siku, kidogo kidogo. Mweke kwenye mkeka, ajitahidi kuinua kichwa. Ni mazoezi mazito kwake, utaona anavyohema. Wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 3 za kujishughulisha kwa siku: kutambaa, kusimama dede, kutembea, kubeba vikopo, kupanda ngazi mbili za kibarazani ukiwa umemshika. Kuhusu televisheni na simu, mwongozo haushauri kabisa kabla ya miaka 2, na kuanzia hapo zisizidi saa moja kwa siku.

Huna uwanja? Beseni la maji kidogo na vikombe vya plastiki, nawe ukae hapohapo usiondoke hata sekunde. Aende na dada dukani kwa miguu yake mwenyewe hata kama mtachukua nusu saa. Mpe nguo chafu atupie kwenye ndoo. Saa 10 hadi 11 jioni jua likipungua, atoke nje akimbie. Hiyo ndiyo dawa ya usingizi ninayoiandika bila wasiwasi.

4. SASA HIYO DAWA NYINGINE

Tuongee ukweli, maana tunafahamiana. Kuna nyumba ambazo kifuniko kimoja cha dawa ya mafua jioni ni jambo la kawaida. Piriton ya maji, au dawa ya kikohozi inayosinzisha. Wakati mwingine anayetoa ni dada, kwa sababu amechoka na hakuna wa kumpokea. Mara nyingi ni mama mwenyewe, kesho ana kazi saa 1 asubuhi, nyumba ya kupanga ina ukuta mwembamba na baba watoto ameanza kulalamika. Simlaumu mtu aliyekesha usiku wa tano. Lakini naomba ujue unachompa.

Dawa zile zinasinzisha kwa kupunguza kasi ya ubongo. Kwa mtoto mdogo, sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi nayo inaweza kuguswa. Promethazini, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi na mzio, hairuhusiwi kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2 kwa sababu imewahi kusababisha pumzi kushuka na vifo. Siyo maneno ya kutishia, ni onyo linalotolewa rasmi kwa dawa hiyo.

Halafu kuna watoto ambao dawa hizo zinawageuka. Badala ya kusinzia wanachangamka, wanahangaika, moyo unakwenda mbio. Mama anaona haijafanya kazi, anaongeza. Au mama amempa saa 1, dada hakujua, akampa tena saa 3. Kipimo ni kijiko cha chai cha jikoni, na vijiko vya jikoni havilingani. Mtoto wa kilo 8 hana nafasi ya makosa ya aina hiyo.

Na hata akilala bila kudhurika, dawa imetibu nini? Kesho atalala tena saa 9 hadi saa 11 na nusu, na saa 4 usiku atakuwa macho tena. Mama atarudi kwenye chupa. Pia mtoto aliyesinzishwa haamki kunyonya, na kama homa inaanza usiku huo hutamsikia.

Ikitokea mtoto amepewa dawa na analegea, haamki vizuri au anapumua kwa shida, mkimbize hospitali na chupa ya dawa mkononi. Tukiuliza amepewa nini, sema ukweli. Hatuulizi ili tukuhukumu. Jina la dawa na kiasi alichokunywa vinaamua tunachofanya dakika hiyo.

5. JINSI YA KUREKEBISHA MCHANA

Anza na saa ya kuamka, usianze na saa ya kulala. Kumlazimisha mtu kulala haiwezekani, kumwamsha inawezekana. Chagua saa moja, tuseme saa 12 na nusu asubuhi, na mwamshe saa hiyohiyo kila siku hata Jumapili. Fungua pazia, mtoe kibarazani aone mwanga. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumebarikiwa, jua linatoka na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Mwili wa mtoto unajifunza saa kwa mwanga huo. Kwa mama mlioko Uingereza, ambako mwezi Juni jua linazama baada ya saa 3 usiku, ninyi mtahitaji pazia zito.

Kisha rekebisha usingizi wa mchana kulingana na umri:

Miezi 0 hadi 3: usibadili kitu. Huyu saa ya mwili wake bado haijajengeka, hajui usiku wala mchana. Analala akitaka, ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ikiwemo. Mchana muache kwenye mwanga na sauti za nyumbani. Usiku taa hafifu, maneno machache. Yatosha. Usimkeshe mtoto mchanga ili "achoke", utamuumiza.

Miezi 4 hadi 6: wengi wanalala mara tatu au nne mchana, wakikaa macho kama saa 1 na nusu hadi 2 na kidogo kati ya usingizi na usingizi. Akianza kukataa mmoja, mwongezee robo saa ya kukaa macho kabla yake.

Miezi 6 hadi 12: polepole anatoka kwenye mara tatu kwenda mara mbili. Wa kuondoa ni ule wa jioni, ule wa saa 11. Usingizi wa mwisho ukiisha saa 10 alasiri, saa 1 na nusu usiku atakuwa tayari.

Miezi 12 hadi 18: anatoka kwenye mara mbili kwenda mara moja. Hapa ndipo vita vingi vinapotokea, kwa sababu mtoto ameshabadilika na ratiba ya nyumba haijabadilika. Yule wetu wa miezi 15 mpangie hivi: aamke saa 12 na nusu asubuhi, ale chakula cha mchana mapema, alale saa 6 hadi saa 8 mchana, kisha asilale tena hadi saa 2 usiku. Mchana saa 2, usiku saa 10 na nusu, jumla saa 12 na nusu. Imeingia vizuri kwenye mwongozo, na mama hajapambana.

Miaka 3 hadi 5: wengi wanaacha kabisa kulala mchana katika umri huu, kila mmoja kwa wakati wake. Kama chekechea wanamlaza saa 7 hadi saa 9 na nyumbani anakesha hadi saa 5 usiku, ongea na mwalimu kwa upole. Omba aamshwe baada ya dakika 45, au akae na kitabu cha picha wakati wenzake wamelala. Siku ambayo hajalala kabisa, mlaze mapema kidogo.

Saa za kukaa macho nilizotaja ni za kukuongoza, mtoto wako ndiye mwamuzi. Ukibadili, badili kwa robo saa, kaa siku mbili tatu, ongeza robo nyingine. Ukiruka saa nzima kwa siku moja utamgeuza kuwa yule wa wiki iliyopita, aliyechoka kupita kiasi. Subiri wiki moja hadi mbili kabla ya kusema haijafanya kazi. Na mshauri wako mzuri ni karatasi: bandika jikoni, dada aandike amelala saa ngapi na ameamka saa ngapi. Siku tatu tu, utaona mwenyewe tatizo liko wapi.

Kuhusu kumwamsha: wazee wetu hawapendi mtoto aliyelala aamshwe. Nawaheshimu, lakini hapa tutofautiane. Mtoto mzima wa miezi 10 aliyelala tangu saa 8 mchana, saa 10 mwamshe. Mguse miguu, mwite jina, fungua dirisha. Atanuna dakika tano, wewe utalala usiku mzima.

6. "LAKINI NESI..."

"Mimi natoka kazini saa 12, foleni, nafika saa 2 usiku. Akilala saa 2 nitamuona saa ngapi?"

Swali la haki kabisa. Likizo ya uzazi ya siku 84 ikiisha, mama wengi wanaishi hivi. Jibu langu: hakuna sheria ya afya inayosema mtoto lazima alale saa 2. Kama hana shule, mpangie alale saa 4 usiku, aamke saa 2 asubuhi, alale mchana saa 8 hadi saa 10. Jumla inafika saa 12, na jioni mnaonana. Kisichowezekana ni kutaka vyote: alale alasiri nzima ili dada apumue, acheze na baba hadi saa 3, kisha azimike kama taa saa 3 na dakika tano. Chagueni saa moja, siku nzima ifuate hiyo.

"Dada hanielewi."

Dada anafanya kazi kuanzia saa 11 alfajiri, na usingizi wa mtoto ndiyo mapumziko yake pekee. Ukimwambia tu "usimlaze jioni" bila kumpunguzia kitu, wewe ungefanya nini? Mboga ichambuliwe usiku uliopita. Nguo zifuliwe mtoto akiwa amelala saa 6. Mpe sababu, mpe karatasi, mshukuru. Utashangaa.

"Baba watoto akirudi anamrusha juu, usingizi wote unakata."

Baba, hapa naongea na wewe. Mchezo wako mtoto anauhitaji, tena sana. Mpe asubuhi kabla ya kutoka, au Jumamosi jioni mpeleke akakimbie. Ukirudi saa 3 usiku, mbebe taratibu, mwimbie, mlaze wewe. Ratiba ya mtoto ni ya nyumba nzima. Nimechoka kuona mama peke yake akiulizwa kwa nini mtoto halali.

"Mtandaoni wanasema nimwache alie chumbani kwake hadi azoee."

Chumba kipi? Wengi wetu tunalala na mtoto chumba kimoja, chandarua kimoja. Mtoto ambaye hajachoka ukimwacha alie, atalia tu, kwa sababu usingizi haupo. Rekebisha mchana kwanza. Akiwa amechoka kwa kiasi, kumbembeleza kwa dakika kumi kunatosha, na hakuna aliyeharibika kwa kubembelezwa. Hakikisha tu mchanga analazwa chali, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso, na asilale karibu na mtu aliyekunywa pombe au dawa za usingizi.

7. WAKATI RATIBA SIYO JIBU

Usikae na karatasi ya ratiba wakati mtoto anaumwa. Mlete kituo cha afya kama ana homa, anakataa kunyonya au kula, anatapika kila kitu, anapumua haraka au kifua kinabonyea, ana degedege, au amelegea na haamki kirahisi. Mtoto anayekoroma kila usiku na kuhema kwa mdomo, mlete tumwangalie. Anayelia akishika sikio, mlete. Na aliyekuwa analala vizuri akabadilika ghafla bila sababu ya ratiba, mlete pia.

Nawe mama, kama mtoto amelala na wewe bado hulali, unalia bila kujua sababu, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, njoo kliniki uniambie mimi au nesi yeyote. Usisubiri tarehe ya chanjo.

Nimemaliza. Kazi ya wiki hii: siku tatu za kuandika, kisha niandikie kwenye komenti umri wa mtoto, saa anazoamka na saa anazolala, usiku na mchana. Tutapiga hesabu pamoja hapahapa ili na wengine wajifunze. Sehemu ya 5 nitaongelea mtoto wa mwaka mmoja na zaidi anayeamka kunyonya mara sita kwa usiku.

Mtumie na dada wa nyumbani posti hii, asiposoma msomee. Na ile chupa iliyoko juu ya kabati, kama hakuandikiwa na daktari, usiku wa leo usiifungue.